Tanzia ya Langoni

Kwa mara ya tatu wiki hiyo, Kamen alimkwangua baba yake langoni kwa kisu butu na maji ya moto.

Karatasi ilikuwa kaidi kama mwenyewe aliyekuwa pichani: Mzee Nedko, kofia upande, na chini yake maneno meusi kwamba ametutoka majira ya kuchipua, anaombolezwa na mkewe Tsona na mwanawe Kamen. Kila lango kijijini kwetu lina tanzia kama hiyo, na mengine yana tanzia nyingi kuliko wakazi. Haziondolewi. Huachiwa mvua na jua. Lakini nyumba yao ilikuwa inauzwa, na mtu anayetafuta nyumba ya kupumzikia hapendi kukaribishwa na marehemu. Mnunuzi wa kwanza, bibi mmoja kutoka mjini, aliishia hapo hapo langoni, akasema amesahau kitu garini, na gari likaondoka naye.

"We Kamen!" jirani yao Stoilka alipaza sauti kutoka upande wa pili wa uzio. "Wewe unakwangua mchana, mama'ko anabandika jioni. Nani kawaajiri, na mimi nikaombe kazi?"

"Mwambie aache basi, shangazi."

"Mwachie karatasi yake. Inamsaidia."

"Inamsaidia kulia!"

Stoilka alimtazama kama mwenye neno mdomoni. "Kulia si ugonjwa, mwanangu," akasema, akawageukia kuku wake.

Kamen hakuwa mtoto mbaya. Alikaa mjini Plovdiv na mkewe, vyumba viwili ghorofa ya saba, na alikuwa amepata pengine penye vyumba vitatu. Hicho cha tatu kilikuwa cha mama. Nyumba isipouzwa kabla ya theluji, chumba kingekwenda kwa wengine, na mama angebaki peke yake huku mlimani na jiko la kuni, barabara imezibwa hadi theluji iyeyuke. Alimweleza yote hayo. Mama alisikiliza, akakubali, akamwongezea jamu ya waridi. Jioni akakoroga gundi ya unga, akatoka na karatasi nyingine.

"Mama, unataka tuuze au hutaki?"

"Si nimeshakwambia uza."

"Sasa mbona unanivunjia biashara?"

"Asubuhi lazima nimwone," mama alisema. "Nisipomwona, siku hainikai sawa."

Kulipokucha Kamen alikuwa macho, akamwona kupitia mlango wa jikoni. Mama aliandaa vikombe viwili vya kahawa, kama alivyofanya maisha yake yote ya ndoa, akaenda kufungua lango huku akiimba kwa sauti ya chini. Alirudi bila wimbo. Alichukua kikombe kimoja, akakifuta ingawa kilikuwa kikavu, akakirudisha kabatini. Kisha akaketi, akalia bila sauti, mtandio mdomoni.

Kamen alifumba macho. Karatasi hii itaniulia mama, aliwaza.

Basi mama alipotoka kukamua mbuzi, Kamen alizitafuta tanzia zilizobaki. Zilikuwa ndani ya pipa la unga, pale ambapo angezificha mwanamke yeyote wa kijiji chetu. Akazitia zote ndani ya jiko la kuni, pamoja na ile ya langoni aliyokwisha kuibandua. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, moto ule uliwaka bila moshi.

Jioni mama alipekua pipa, sanduku, hata chini ya godoro.

"Nedko wangu yuko wapi?"

"Mama, pumzika. Kesho asubuhi kuna wageni wanakuja kuona nyumba."

Alimshika mwanawe mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Basi kesho utanikumbusha?"

"Nitakukumbusha."

"Mapema, Kamen. Kabla sijaandaa kahawa."

"Sawa, mama," alisema Kamen, kama tunavyowaitikia wazee wakichoka, na asubuhi akalala hadi jua likampiga usoni.

Alipoingia jikoni, vikombe vilikuwa viwili mezani na mama alikuwa bado anaimba. Kamen akajichukulia kimoja. Mama alicheka, akampiga kofi mkononi, akaweka kingine mahali pake.

Wageni walikuwa Yavor na mkewe Ralitsa, mwenye mimba ya kuonekana. Waliingia langoni bila kusita. Ubao wa lango ulikuwa safi kama uso ulionyolewa. Na mama! Alikuwa amevaa mtandio wake wa sikukuu. Aliwaonyesha kisima, akawaonjesha plamu za kukaushwa, akampapasa Ralitsa tumbo na kumwambia huyo ni dume, maana anakula bila kushukuru. Chumbani aligonga kitanda cha mbao.

"Hiki hulia usiku kucha. Mume wangu anasema ni mimi ninayekoroma, mwongo mkubwa!"

Wakacheka wote. Kamen alicheka hadi akafuta machozi, kwa maana alikuwa hajaisikia sauti hiyo ya mama kwa miezi. Kumbe dawa yenyewe ilikuwa kisu butu tu.

Mezani Yavor alimtazama mkewe, na mkewe akashika tumbo lake na kutabasamu. Yavor akanyoosha mkono.

"Mama, sisi tumeipenda. Tumekubaliana?"

Mama alijifuta mikono kwenye aproni, lakini hakumpa mkono.

"Mimi sina neno, wanangu. Nyumba inataka mtoto, na nyinyi ni watu. Ila nitawapaje mkono na mwenyewe hayupo?"

Akachukua kisahani, akafunika kikombe ambacho hakuna aliyekigusa.

"Kamen, hebu kamtazame baba yako langoni. Leo kachelewa, na kahawa yake inapoa."