Nusu ya Meza ya Baba

Msumari wa mwisho ulipong'oka ukutani, meza ya marehemu Mzee Antoni ilianguka chali mbele ya wanawe, na hapo ndipo walipoona kwamba ilikuwa na miguu miwili tu.

Yote miwili ilikuwa ya mbele, imechongwa majani na maua na kupakwa rangi ya dhahabu. Nyuma hapakuwa na kitu. Ubao wa juu ulikuwa nusu duara, na pale duara lilipokatikia, mti ulikuwa mkavu, haujaonja vanishi hata tone.

"Imekatwa!" alisema Marcelina, binti mkubwa. "Mtu ameikata meza ya baba katikati!"

Mwaka ulikuwa 1974. Baada ya wiki nne lori lingekuja hapo Ilagala kuwahamishia kijiji kipya cha ujamaa, na Marcelina alikuwa amechoka na magunia, kuku, masanduku na watoto. Sasa tena hili! Meza hiyo ndiyo mali pekee ambayo baba yao alivuka nayo ziwa kutoka Albertville, mji wa ng'ambo, zawadi ya tajiri wake Mfaransa. Tangu hapo ilisimama sebuleni, imepigiliwa ukutani, kitambaa cha kufuma juu yake na redio juu ya kitambaa. Mtoto aliyeisogelea alichapwa. "Meza hii na ukuta ni kitu kimoja," mzee alizoea kusema, na hakuna aliyethubutu kuchungulia nyuma.

Katika ukoo mzima mwenye msumeno alikuwa mmoja, Bonifasi, mdogo wake Marcelina, fundi seremala wa Ujiji. Tena ndiye aliyemuuguza mzee peke yake siku za mwisho.

"Yaya," alisema Bonifasi, maana ndivyo watu wa ng'ambo wamwitavyo dada mkubwa. "Mimi sijaigusa. Tazama misumari hii, ina kutu ya miaka."

"Hapa ziwani hata sufuria ya juzi ina kutu. Nusu ya pili iko wapi?"

"Labda iliundwa hivi."

"Mfaransa mzima aunde nusu meza? Kwao miti iliisha?"

Bonifasi alipitisha kidole kwenye ukingo mkavu wa ubao. Tangu msiba alikuwa ameomba jambo moja tu: aandikwe pamoja na dada yake katika kijiji kipya, yeye na mkewe na watoto, nyumba zao zifuatane. Mama yao alifia ng'ambo, baba naye ndiye huyo ametangulia. Hakuwa na ndugu mwingine wa kuzaliwa naye upande huu wa ziwa. Oswald, karani wa kuandikisha kaya, alikuwa amekwisha kumwandika kwa penseli.

"Irudishe, uandikwe kwa wino," Marcelina alimwambia. "Usipoirudisha, mimi sina ndugu."

Siku zilizofuata Marcelina alihangaika hadi miguu ikavimba. Alikwenda Ujiji akapekua karakana ya Bonifasi ubao kwa ubao, akaambulia vumbi. Alipita mtaa wa Katubuka nyumba hadi nyumba akiuliza nani kauziwa nusu meza, watu wakamwona amerukwa na akili. Alirudi amejaa hasira, na hasira hiyo ikawa haina pa kwenda ila kwa mdogo wake. Kila walipokutana ilikuwa neno lile lile, nusu iko wapi, nusu iko wapi, mpaka mke wa Bonifasi akaanza kulia.

Siku moja Bonifasi alikuja, akasimama mlangoni.

"Nipe wiki tatu, Yaya."

"Ehee! Kumbe unajua ilipo!"

Bonifasi aligeuka akaenda zake. Marcelina alijua la kujijibu: mnunuzi anakaa mbali, pengine Kasulu huko, na hatakubali kuiachia upesi.

Bonifasi alifika siku yenyewe ya lori, na mkewe na watoto na mizigo yao, na kitu kikubwa kimefungwa mikeka. Macho yake yalikuwa mekundu, na vidole vitatu vimezungushiwa vitambaa. Akafungua. Wakazisogeza nusu mbili zikakutana, ikawa meza ya duara kamili, miguu minne, jani kwa jani na ua kwa ua. Kati yake usingepitisha ukucha.

"Za mwizi arobaini," alisema baba yao mdogo, Mzee Lukas, akatema mate.

"Yaya, ulisema nikiirudisha yamekwisha."

"Nilisema. Wakati ule sikuwa na hakika." Marcelina akamgeukia Oswald. "Bwana Karani, mfute."

Oswald alisitasita, kisha akachukua ufutio. Bonifasi alimtazama dada yake kama mtu mwenye neno mdomoni, akalimeza. Akawashika watoto mikono, wakateremka ufukweni na kupanda boti iliyokuwa ikirudi ng'ambo, kwa wajomba. Hakuna aliyewasindikiza. Boti ilikwenda ikiwa ndogo, ikawa nukta, ikapotea.

Marcelina alidhani angefurahi. Badala yake kila mtu aliyemkaribia alipata karipio lake. Dereva alikuwa anapiga honi. Vijana walikuwa wameupakia ule upande wa zamani, sasa wanagombania nani aubebe huu mwingine.

"Tokeni, mtauvunja!" aliwafokea. Akainama mwenyewe, akaikamata kwa nguvu miguu miwili iliyorudishwa, mikono ikamteleza. Alipovigeuza viganja vyake, vilikuwa vimejaa rangi ya dhahabu, bado mbichi, na pale ilipofutika ulionekana mninga mwekundu wa Ujiji, alama za patasi bado mpya.