Televisheni ya Pili

Bibi mnene alikuwa amekalia sanduku la vifaa la fundi, na hakuonyesha dalili ya kuinuka.

"Bibi, naomba bisibisi tu," fundi akasema tena.

"Bisibisi iko mahali salama. Subiri."

Fundi akaegemea mlango. Televisheni mpya ilikuwa bado ndani ya boksi lake, imesimamishwa ukutani chini ya picha ya mzee mwenye masharubu. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: aifunge chumbani kwa bibi mwembamba, huyu mnene abaki na ile ya zamani hapa sebuleni. Aliyeagiza na kulipa ni kijana wa nyumba hiyo, mkandarasi wa mji mwingine, na kwenye simu alizungumza kama mtu anayeumwa jino.

"Nenda ukawatenganishe mama zangu. Kila jioni ni kelele za tamthilia, majirani wamechoka. Hiyo televisheni ikishindwa, nakuja na gari. Mmoja nitamchukua mimi, mwingine atakwenda kwa mdogo wangu. Nimemaliza."

Fundi hakushangaa, maana naye alikuwa na dada zake wawili. Ndugu wa tumbo moja ndio wanaojua pa kufinyana. Na hawa walikuwa wamevaa magauni ya kitambaa kimoja, wanakula karanga kwenye sahani moja, wanapokezana miwani moja iliyofungwa uzi pembeni. Mwembamba alimwita mwenzake Gunia. Mnene alimwita mwenzake Ufagio. Majina waliyopewa na wazazi wao hakuyasikia hata mara moja.

"Ile filamu ya jana," Ufagio akasema, tangazo la sabuni likiendelea, "msichana kalala na rangi ya mdomo, kaamka na rangi ya mdomo. Hata mto haukuchafuka."

"Afadhali huyo alilala. Yule askari kapigwa risasi ya tumbo, bado anatongoza."

"Na chai je? Umewahi kuona mtu anamaliza chai kwenye filamu? Wanaandaliwa, wanaitazama, wanagombana, wanaondoka. Vile vikombe anaviosha nani?"

Fundi akacheka. Akajisemea moyoni kwamba kijana yule amekuza mambo. Kisha tangazo likaisha.

Tamthilia ilihusu mwenye duka la magodoro aliyeoa mke wa pili. Mke wa kwanza amesimama mlangoni, machozi yanamchuruzika. Wa pili ameketi ukingoni mwa kitanda na begi lake la nguo, hajui hata aiweke wapi miguu.

"Mwangalie asivyo na haya," Ufagio akasema, akimnyooshea kidole huyo wa pili. "Mwenzake kachota maji, kapika, kavumilia ukata wa mwanamume miaka yote hiyo, yeye anakuja kukuta chungu kimeiva."

"Asiye na haya ni wewe. Huyo mtoto kaulizwa na nani? Kaozwa tu. Tazama mikono inavyotetemeka. Na huyo mkubwa naye aache kulia mlangoni, ampe mgeni maji ya kunywa."

"Ampe maji? Ampe sumu."

"Huna akili, Ufagio."

"Na wewe una mafuta kichwani."

Sauti zikapanda. Gunia akadai mwandishi wa tamthilia hii hawajui wanawake, anadhani kila mke wa pili huzaliwa na pembe. Ufagio akajibu kwamba mwandishi ana huruma kupita kiasi. Angekuwa yeye, begi lingekuwa barabarani zamani, na mwenyewe juu yake. Akapiga meza, karanga zikaruka. Jirani akagonga ukuta. Gunia akainuka, akavua kiatu, akamgongea na yeye.

Fundi akaona mwanya. Akanyakua sanduku lake, akakimbilia chumbani, lakini Ufagio alikuwa keshaziba mlango, mkono huku na mkono huku.

"Humu haiingii."

"Bibi, ni yako. Mpya, kubwa kuliko ile."

"Nitabishana na nani humo? Na kitanda?"

Fundi akashindwa. Akampigia simu mkandarasi, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Hawataki, bosi."

"Basi kesho nakuja na gari. Waambie wafunge mizigo."

Gunia akaichukua simu mkononi mwa fundi, taratibu, kama mtu anayempokonya mtoto kisu.

"Njoo. Na ukija na gari, njoo na kreni ya kuninyanyulia, maana kwa miguu yangu sitoki. Wewe nimekuzaa, hujanizaa. Na huyu hapa haendi kwa mtu."

"Mama, jamani, mnagombana kila siku."

"Tunagombana kwetu."

Akakata. Akamrudishia fundi simu yake, akaketi kwenye kochi safari hii, kando ya Ufagio aliyekuwa anaokota karanga sakafuni.

Fundi akalibeba boksi, akalitua tena. Roho haikumruhusu kuondoka bila neno. Akasimama katikati ya sebule.

"Bibi, mimi siyo wa kuwafundisha wakubwa. Lakini nimekaa hapa jioni nzima, hamjakubaliana hata jambo moja. Kwa nini usipumzike kidogo mbali na dada yako?"

Gunia akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Dada yangu nani? Huyu aliolewa juu yangu, nikiwa na mimba ya huyo aliyekutuma. Sasa sogea, unamziba asione."