Yai la Madhabahuni

Siku ya kutoa mavuno, Anansia alikwenda kanisani na mtetea wake wa pekee, amefungwa miguu, kwa kuwa binti yake aliyekuwa mahututi miezi miwili sasa anatembea. Akamweka kuku huyo madhabahuni kwenye kapu la maharage. Basi somo la kwanza likasema mtu asimwendee Mungu mikono mitupu. La pili likasema Mungu hali nyama wala hahitaji fahali wa mtu.

"Sasa anataka au hataki?" Anansia alimnong'oneza jirani yake.

"Mimi nijuaje? Muulize mchungaji."

Mahubiri hayajafika mbali, kuku akaanza kutetea, kanisa zima likaangua kicheko. Kumbe ametaga! Mchungaji akaliokota yai, akamletea Anansia pale alipoketi.

"Kampikie binti yako, mama."

"Lakini kuku nimeshamtoa, mchungaji. Yai ni la Mungu."

"Ndiyo. Naye ndiye anayekupa."

Anansia akalipokea yai kwa mikono miwili, lingali na joto. Kikapu cha sadaka kilipomfikia alishindwa kukishika. Mikono yake ilikuwa imejaa.