Nafasi Moja ya Kanada

WANAMICHEZO WOTE WATUKUFU WANATANGAZIWA KWAMBA zama mpya zimewadia. Vyuo vya Marekani, ambavyo kwa miaka mingi viliwafungia milango vijana waliocheza ligi kubwa za Kanada kwa kosa la kupokea posho, sasa vimewafungulia. Mjumbe mheshimiwa wa ligi hizo atahudhuria pambano la Ijumaa mjini Jeddah, akitafuta mchezaji mmoja tu. Atavaa kofia ya kijivu. Hapendi watoto wa mama.

Tangazo hilo adhimu lilibandikwa kwa chingamu ndani ya choo cha timu ya vijana ya hoki ya barafu ya Riyadh, chini ya onyo la kutotupa mifupa ya kuku.

Hamdun alilisoma mara nne, zipu wazi.

Alikuwa na sababu. Chuo kimoja cha Marekani kilikuwa kimemwahidi nafasi. Kanuni ilipobadilika, kikamwandikia kwamba nafasi hiyo imepewa Mkanada wa miaka ishirini. Hamdun alikuwa na kumi na tisa na sharubu za kutafuta kwa tochi. Ikama yake, kibali cha kuishi Saudia, ilikuwa chini ya baba yake, na bila chuo siku zake za kukaa mtaani kwao Al-Shumaisi, Riyadh, zilikuwa ukingoni. Angepelekwa Unguja, alikoondoka babu yake mwaka 1964, na ambako yeye hajawahi kukanyaga.

"Basi naanzia Kanada, kisha chuo," alimwambia dada yake ndani ya basi la kwenda Jeddah. "Ndiyo njia iliyobaki."

Dada yake, Badriya, alikuwa kipa wa timu, kwa kuwa hakuna mvulana aliyekubali kupigwa na kisahani cha mpira mgumu kama jiwe. Alikuwa na miaka kumi na saba, na shule yake ya bweni ya Mombasa ilikuwa imemrudisha nyumbani kwa sababu ambazo mwalimu mkuu aliona vyema aziweke kwenye maandishi.

"Wakikutoa nje kwa kupigana, nani atanilinda langoni?"

"Jilinde mwenyewe. Yule bwana anataka damu, mie ntampa damu."

"Haya, kaka. Mpe."

Mwenye kofia ya kijivu alikuwepo kweli, safu ya tatu, na daftari magotini. Upande wa pili wa barafu, Fidel wa Jeddah, mtoto wa nesi Mkenya wa mtaa wa Al-Nuzha, alikuwa tayari anamwangalia. Picha ya tangazo ilikuwa imemfikia kwa simu. Barua yake ya chuo ilikufa wiki moja na ya Hamdun.

"Buda, hiyo nafasi ni yangu," Fidel alisema wakisubiri filimbi. "Leo utameza meno bila maji."

"Njoo uyatoe, mtoto wa sindano."

Dakika ya pili, Hamdun alimbamiza Fidel ukutani mpaka vioo vikatetemeka. Fidel alijibu kwa kiwiko. Mdomo wa Hamdun ukapasuka kama nyanya. Glavu zikaanguka, ngumi zikafanya kazi, na refa, mtu mpole, akapigwa mbili zisizo zake kabla ya kuwatupa wote wawili kwenye kizimba cha adhabu, dakika tano tano.

Walipotoka walianza upya. Sasa na wenzao waliingia. Beki mmoja wa Riyadh alitolewa ameshikilia sikio. Mwingine alitapika kwenye helmeti yake. Kila aliyefungiwa kizimbani aliiacha Riyadh na pengo, na kila pengo Jeddah walilipita wakipiga. Badriya alipigwa kifuani, gotini, kooni. Kisahani kimoja kilimgonga usoni hadi waya za kinyago zikabonyea. Alikidaka kilipokuwa kinadondoka, akasimama.

Yule bwana aliandika.

"Umeona?" Hamdun alipiga kelele, akitema damu. "Ananiandika mimi!"

Kipindi cha tatu, gongo la Fidel lilishuka juu ya mkono wa Hamdun. Mlio wa mfupa ulisikika hadi mlango wa mkahawa. Hamdun, kwa mkono uliobaki, alimshika Fidel kichwa akakipiga barafuni. Mara moja. Mara mbili. Ya tatu watu watano walimvuta. Mfanyakazi wa uwanja alikuja na koleo, akazoa barafu ya rangi ya waridi.

Wote wawili walifukuzwa mchezoni, mmoja kwa miguu, mmoja kwa machela. Riyadh walifungwa mbili kwa moja.

Katika chumba cha huduma ya kwanza walilazwa vitanda jirani, kipa akiwa amekaa kati yao, jezi imemganda mwilini. Mlango ukafunguliwa. Mwenye kofia ya kijivu aliingia. Majeruhi wote wawili wakajaribu kukaa wima.

"Ni nani kati yetu?" Fidel aliuliza kupitia pamba, bila meno mawili.

"Nyinyi?" Mzee alishangaa. "Mimi natoka chuo cha Marekani, sina ligi yoyote Kanada. Timu yetu ya wanaume imejaa Wakanada hadi mlangoni. Nimekuja kwa ajili ya timu ya wasichana."

Akamnyooshea kipa mkono.

"Hongera, binti. Ulipoandika kwamba nikija Ijumaa nitakuona ukipigiwa mikwaju arobaini, sikuamini. Nimehesabu hamsini na miwili."

Hamdun aligeuza jicho moja lililokuwa bado linafunguka. Hakumtazama mgeni. Alinitazama mimi.

"Nakiri, kaka," nikasema. "Tangazo niliandika mimi. Kalamu ilikuwa yako."