Jibu Tupu

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga kabla hakujapambazuka. Bibi alipunguza moto, akapanga vikombe viwili mezani, ingawa aliishi peke yake. Simu yake ikatoa mlio mfupi wa ujumbe. Hakuigusa.

Mtaa wa pili, binti mtakwimu wa zahanati alikuwa akigombana na kompyuta. Kila Jumatatu alfajiri wazee walitumiwa swali moja: umeamka salama? Programu, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya kitakwimu, ilipima majibu. Kama ni moja, yaani ndiyo, mzee anarukwa. Kama ni mbili, yaani hapana, anaingia kwenye orodha ya muuguzi. Ikikutana na jibu tupu, husimama kama punda aliyechoka, na orodha haitoki.

Leo ilikuwa imesimama tena, na gari la muuguzi lilikuwa linaondoka saa moja. Asiyejibu ni yuleyule wa kila wiki. Simu hapokei. Binti akavaa kandambili, akakwapua kompyuta, akatoka mbio.

"Shikamoo, Bibi! Uko salama?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mzima kama chuma. Kaa, chai hiyo."

"Sasa mbona hubonyezi? Si moja tu!"

"Vidole vimezeeka, mwanangu."

Alisema hivyo huku akitunga uzi kwenye sindano. Ulipita mara ya kwanza.

Binti akamjazia moja. Orodha ikatoka, akamtumia muuguzi, roho ikatulia. Bibi akamsogezea sukari, kisha akainama kuangalia kandambili zake: moja ya bluu, moja nyekundu. Wakacheka wote wawili.

"Leo namaliza huu udhia," binti alisema, akipuliza chai. "Naongeza sharti: kama jibu ni tupu, ruka. Aliyeandika programu hii alistaafu kabla sijaajiriwa. Sijui alikuwa na kichwa gani! Kusahau kitu kidogo hivyo!"

Bibi aliweka sindano chini.

"Na aliyeanguka bafuni, asiyeweza kuifikia simu, naye utamruka?"

Binti akaifunga kompyuta.

"Sikukisahau hicho kitu kidogo, mjukuu wangu," Bibi alisema, akimwongezea chai. "Njoo tena Jumatatu."