Namba Isiyotulia

Vikombe vilikuwa vimepasuka tena, na fundi umeme wa kiwanda alikuwa amelala chali chini ya tanuri, miguu tu ikionekana, akizilaani nyaya moja baada ya nyingine.

Tanuri hilo lilikausha vikombe vya udongo kabla havijachomwa, na lilitakiwa kukaa kwenye joto lilelile kutwa nzima. Lakini kila siku, jua likikaribia utosini, namba kwenye kioo cha kipimajoto iliporomoka, ikapanda, ikatulia kidogo, kisha ikaporomoka tena. Kila iliposhuka, mtambo ulishtuka na kuongeza moto, na vikombe vikapata nyufa.

"Ni kelele za umeme," fundi alimjibu kila aliyemuuliza. Waya wa kipimajoto, alieleza, una masikio ya mmbea. Mota ikinguruma jirani, wenyewe unadaka, halafu unakwenda kusema kwenye kioo mambo ambayo hayapo.

Meneja hakutaka habari za wambea. Alimwambia fundi kwamba Ijumaa angekuja mwenyewe kusimama mbele ya tanuri. Namba ikitikisika machoni pake, angeleta fundi wa nje, na yeye angerudi kubadilisha balbu za vyooni. Maneno hayo yalimchoma sana. Huko kwenye balbu alikuwa ametoka kwa jasho lake, na hakuwa na hamu ya kurudi.

Basi akajifunga kibwebwe. Nyaya za kipimajoto, zilizokuwa zikipita bega kwa bega na za mota, akazihamishia ukuta wa pili. Akazisokota pamoja. Wavu wa shaba unaozikinga akauunganisha na ardhi upande mmoja tu, kama inavyotakiwa. Na kweli, mitetemo yote midogo ikaisha, namba ikatulia kama maji mtungini. Adhuhuri ilipokaribia, ikaporomoka.

Akamvaa mchomelea vyuma, akidai mashine yake ndiyo mchawi. Wakakorofishana hadi wakanuniana. Akamnyang'anya mfagiaji redio. Akamkataza karani kupita na simu karibu na tanuri. Kiwandani wakaanza kumwita Mama Kimya, na si kwa heshima.

Aliyebaki upande wake ni Mjomba tu, kaka wa mama yake, mwangalizi wa tanuri. Umeme hakuujua hata chembe, lakini alimpenda mpwa wake kama mboni ya jicho. Ndiye aliyemtunzia bakuli lake la bati la chakula, maana karakana ya umeme ilijaa sisimizi, na ndiye aliyemletea kila adhuhuri, limefungwa katika kitambaa kizito cha mama. Fundi alifunua, mvuke ukampiga usoni, hasira zikapungua.

"Chakula kimepikwa alfajiri na bado kinaunguza," alisema siku moja. "Hiki kitambaa kina akili kuliko kipimajoto changu."

Mjomba alitabasamu. "Kula, mama. Tumbo likiwa baridi kichwa hakifanyi kazi."

Ijumaa meneja alifika mapema, akasimama mbele ya mlango wa tanuri, mikono nyuma, macho kwenye kioo. Fundi alikuwa ameshaongeza kichujio cha mawimbi kwenye waya, na sasa alibaki kuuma kucha. Mota zilinguruma. Mchomelea alichomelea kwa makusudi, cheche zikaruka hadi mlangoni. Jua likapanda, likafika utosini, likaanza kuteremka. Namba haikutikisika.

Meneja alimpa mkono. Akatangaza mbele ya wote kwamba kuanzia kesho matanuri yote ya kiwanda yako chini yake, kisha akaenda zake. Fundi alijawa na furaha hata akamrudishia mfagiaji redio, na akamwomba mchomelea radhi, japo kwa nusu mdomo. Kelele za umeme alikuwa amezikomesha, tena kwa mikono yake mwenyewe.

Mjomba akaja na bakuli, taratibu, macho chini kwa aibu.

"Leo unisamehe, mpwa wangu, utakula chakula baridi," alisema. "Meneja kaziba mlango wa tanuri tangu asubuhi, ningekiingizaje? Ila usijali, kesho hayupo."