Kifungo Cheupe

Kifungo cheupe kilitua chali, cheusi kifudifudi, nami nikaduwaa.

Kila jioni, tukishafunika cherehani, sisi watatu hurusha vifungo viwili vya koti. Wifi huchagua chali vyote, mimi kifudifudi vyote, mama mkwe kimoja hivi na kimoja vile. Aliyepatia hupumzika, wenzake wanafagia vipande vya nguo. Anayepumzika sana ni mama mkwe. Tulisema ana nyota.

Leo kifungo kimoja cheusi kilipotea, tukaweka cheupe.

"Mama kapata tena!" wifi akalalamika.

"Ngoja kwanza."

Nikavigeuza kwa ncha ya kidole. Cheupe kifudifudi, cheusi chali. Hiyo pia ni yake! Wifi ana njia moja ya kupatia, mimi moja, yeye mbili. Vilipokuwa vyeusi vyote, njia hizo mbili zilifanana kama pacha, tukaziona moja. Mwili ukanisisimka. Miaka yote hiyo, bahati ilikuwa imelala mezani mbele ya macho yetu.

"Mama, ulijua?"

Akavigeuza mwenyewe, polepole, huku na huku.

"Kumbe," akanong'ona. "Na mimi nilidhani Mungu anayahurumia magoti yangu."

Kisha akainama, magoti yakalia, akaokota ufagio.